Nyekundu Hukaa Nyumbani

Mimi siamini majini ya magari, na nalisema hili mapema ili tusije tukagombana mbele. Miaka thelathini na moja nimelala chini ya malori ya watu hapa Korogwe, oili ikinidondokea usoni, na sijakutana na jini hata mmoja. Nimekutana na panya wanaokula nyaya. Nimekutana na fyuzi zilizozibwa kwa karatasi ya sigara. Nimekutana na mafundi waongo, na hao ni wengi kuliko panya. Mtu akiniletea gari akasema lina shetani, huwa namwuliza swali moja tu: nani alilishika mara ya mwisho? Shetani huwa ni huyo.

Kazi nilifundishwa na baba, Mzee Valentino, aliyekuwa fundi mkuu wa karakana ya shamba la mkonge. Baba alikuwa shoto, mkali, mwenye msemo kwa kila bolti. Matrekta ya pale shambani yalikuwa ya zamani sana, yale ambayo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Magari ya leo ni kinyume chake, bodi ni hasi. Basi nikiwa na miaka minane, nimekaa juu ya debe, baba alinikaririsha: "Nyekundu hukaa nyumbani, nyeusi husafiri." Nyumbani ni bodi. Nikikosea napigwa kofi la kisogoni. Baadaye yale matrekta yalikatwa vyuma chakavu, nikajifunza upya, nikausahau msemo. Nilidhani nimeusahau.

Kitu kimoja sikukiacha, nacho ni fundo lake. Nyaya zake alizifunga kwa uzi wa katani uliopakwa nta, mizunguko mitatu, ncha inafichwa chini. Siku hizi mafundi wote hufunga kwa vifungo vya plastiki. Mimi nafunga kwa katani hadi leo. Wananicheka, lakini nyaya zangu hazilegei.

Asubuhi ya Alhamisi moja, baada ya mvua za vuli, alikuja bandani kwangu mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amejifunga ushungi mweusi, viatu vimejaa tope lililokauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari liko wapi?"

"Sina gari, mama. Nimekuja na maneno."

"Maneno hayatengenezwi hapa."

Hakucheka. Aliketi juu ya tairi, akaniambia anaitwa Tatu, kwao Mashewa, ameolewa Sindeni. Kisha akajirekebisha: alikuwa ameolewa. Mumewe, Rehani, alikuwa dereva wa lori la zamani la jeshi ambalo kaka yake mkubwa, Mdoe, alilinunua mnadani. Walibebea mahindi, na kiangazi walipakia tangi la maji.

Miezi miwili nyuma, Rehani alikwenda Mashewa, Tatu akapanda naye akamwone mama yake. Njiani wakakuta lori la mbao limekufa betri. Rehani hakuwa mtu wa kumpita mwenye shida. Lori lake lilikuwa na soketi ya kijeshi ubavuni, ya kuazimana umeme, na chini ya kiti kulikuwa na waya wake mnene ambao haukuwahi kutumika tangu lori linunuliwe. Ncha moja ni plagi ya kuingia kwenye soketi, ncha ya pili ni vibano viwili, chekundu na cheusi. Alifunga kibano chekundu kwenye chanya na cheusi kwenye hasi, kama ajuavyo dereva yeyote. Betri ya lori la mbao ikalipuka, naye alikuwa ameiinamia. Alikaa hospitali siku nne, akafariki.

"Polisi waliandika ajali," Tatu alisema. "Na mimi nilikubali kuwa ni ajali. Lakini baada ya arobaini, shemeji Mdoe alitaka kumwamshia jirani yetu Yusuph Fuso lake pale gulioni. Mimi nilikuwa napita na ndoo, nikasimama. Nyaya za Fuso zikaungua zote. Yusuph ana kifeni kwenye dashibodi. Kabla moshi haujatoka, watu walikiona kinazunguka kinyumenyume."

"Kinyumenyume?"

"Kinavuta hewa badala ya kupuliza. Watu wakaulizana, mara zote mbili nani alikuwepo? Nikaonekana mimi." Alinyoosha kanga magotini. "Kesho baada ya swala ya Ijumaa ukoo unakaa. Nitaambiwa nirudi Mashewa. Watoto wangu wawili wanabaki, maana ni wa ukoo. Mdogo ana miaka minne, mama. Bado ananishika sikio ndipo alale."

Nilimwuliza kwa nini amekuja kwangu. Akasema mafundi wawili wa Handeni walikataa hata kulisogelea lori.

"Sijaja unitetee," alisema. "Nimekuja ulipime."

Kile kifeni kilinichoma moyoni. Kifeni hakirudi nyuma kwa uchawi. Kinarudi nyuma umeme ukiingia kwa mlango wa kutokea, na mlango hugeuzwa na mtu mwenye spana. Nikachukua mita yangu, nikafunga banda, nikasema twende tukamtafute huyo mshenzi aliyegeuza. Ndivyo nilivyosema, na Tatu alinisikia.

Tulifika Sindeni saa saba, jua limesimama wima. Lori lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mdoe, peke yake kwenye uwanja mpana. Watu walikuwa wamelichorea duara la majivu. Nyasi ndani ya duara zilifika magotini kwa sababu hata mbuzi hawakuachwa kula pale. Vitambaa vya kaniki vilifungwa kwenye vioo vya pembeni, na havikutikisika, maana hapakuwa na upepo. Njia ya watu wanaokwenda kisimani, iliyopita zamani karibu na bampa, ilikuwa imepinda ikazunguka mbali. Nikasikia ukimya wa ajabu. Mchana kweupe kijijini utasikia kinu, utasikia mtoto analia, redio. Pale nilisikia pumzi zangu tu.

Nikavuka majivu. Tatu akabaki nje ya duara.

Halafu nikaona mlango wa dereva. Ulikuwa na kovu la kuchomelewa, limepinda kama mundu, na mimi kovu lile nalijua. Lori lile liliwahi kuja bandani kwangu.

Nitakwambia ukweli. Miaka mitatu iliyopita, Mdoe alilileta likiwa limetoka mnadani, soketi yake imeng'olewa, nikaweka nyingine. Mdoe yule alikuwa mteja wa siku moja tu na hata sura yake nilishaisahau. Lakini siku yenyewe naikumbuka. Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika baba. Watu waliniambia nipumzike, nikawajibu kwamba kulia sijui, najua kufanya kazi.

"Mama, vipi?" Tatu aliuliza.

"Bado sijapima," nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili.

Nilianza kwenye betri zenyewe. Ni mbili, zimeungwa pamoja: volti ishirini na nne na nusu, safi kabisa. Waya mwekundu ulikuwa kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, kama inavyotakiwa. Ndiyo maana lori lenyewe liliwaka siku zote bila kusumbua. Kisha nikafungua kifuniko cha soketi. Ndani kuna pini nene katikati na pete ya chuma kuizunguka. Pini ni chanya, pete ni hasi, yaani upande wa bodi, ndivyo soketi hizi zilivyo. Nikaweka mguu mwekundu wa mita kwenye pini, mweusi kwenye pete.

Mita ikaandika ishirini na nne na nusu, na mbele ya namba kikatokea kistari kidogo.

"Njoo uone," nikamwambia Tatu. Alisita kwenye majivu, kisha akavuka. "Kistari hicho maana yake umeme umegeuzwa. Hapa kwenye soketi chanya imekaa mahali pa hasi. Lori hili likikaa peke yake halina ubaya. Likimsaidia mwenzake, ndipo linapomwua."

Tatu aliitazama mita muda mrefu. "Kwa hiyo Rehani alifunga sawasawa?"

"Alifunga sawasawa. Kibano chekundu ndicho kilichokuwa kikidanganya."

Akaziba mdomo kwa ushungi. Watu walikuwa wamemwambia pia kwamba mumewe alikuwa mzembe.

Nikatoa kichwa cha betri ili umeme ukatike, nikafungua bolti nne, nikavuta bati la soketi. Nilijua kabla ya kuona. Nyuma ya soketi nyaya zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa katani wenye nta, mizunguko mitatu, ncha imefichwa chini. Waya mwekundu ulikwenda kwenye pete. Waya mweusi ulikwenda kwenye pini. Nyekundu nyumbani, nyeusi safarini.

Nilipitisha kidole juu ya fundo, na ngozi ikanisisimka mpaka kisogoni, pale pale palipokuwa pakipigwa kofi. Maana mimi nazungusha uzi kulia. Fundo lile lilizunguka kushoto.

Mzee Valentino alikuwa na siku tatu kaburini lori lile lilipoingia bandani. Nilijiambia ni majonzi. Mtu mwenye msiba huweka chumvi kwenye chai, sembuse kuzungusha uzi upande usio wake. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na jua lilikuwa kali, na mikono yangu ilikuwa ya baridi.

"Ni mkono wa nani, mama?" Tatu aliuliza.

Ningeweza kumwambia sijui. Angeniamini, na mimi ningerudi Korogwe na jina langu.

"Ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyefunga. Mumeo alikufa kwa kazi ya mikono hii."

Hakupiga kelele. Alitoka nje ya duara, akasimama akitazama mahindi ya shemeji yake, kisha akarudi. Uso wake ulikuwa mgumu, na nilitamani anipige.

"Kesho utasema hivyo hivyo?"

"Nitasema hivyo hivyo."

"Basi usirekebishe leo. Watasema tumepanga. Rudisha kama ilivyokuwa, waione wenyewe."

Nililala kwa dada mmoja wa kanisani, na usingizi haukuja. Ijumaa baada ya swala ukoo ulikaa, lakini Tatu aliwaomba waende kukalia uwanjani, mbele ya lori. Walikuja kama watu thelathini na wakasimama nyuma ya majivu. Mdoe alikuwa amevaa kanzu, mtu mrefu mwenye huzuni isiyofichika. Mama yao, Bibi Maryamu, aliwekewa kiti. Hakuwa amesema neno tangu azike mwanawe, ndivyo nilivyoambiwa.

Nikapima mbele yao. Nikawaonyesha kistari, nyaya na fundo. Nikasema mimi ndiye niliyekosea, Rehani alikufa kwa kosa langu, Fuso la Yusuph liliungua kwa kosa langu, na Tatu hana hatia hata ya kucha.

Mdoe alisikiliza mpaka mwisho. "Mama Getruda, tunakuheshimu," alisema. "Nilileta lori kwako kwa sababu niliambiwa wewe ndiye fundi. Fundi wa miaka thelathini hakosei kitu cha mtoto. Nyekundu na nyeusi! Jana ulikula kwa nani?"

"Sikula kwa mtu."

"Tatu alikuja kwako, mkarudi pamoja, leo unabeba mzigo wake. Sisi si watoto."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Na mimi, badala ya kupima tena, nikapandwa na hasira. Nimeungama damu ya mtu, nao wananiona nimelishwa limbwata! Nikamwita Yusuph, ambaye Fuso lake lilikuwa limeshawekewa nyaya mpya na betri zake, kama kawaida yake, zilikuwa hoi.

"Lisukumeni mpaka hapa," nikawaambia. "Nafunga upya mbele yenu wote, halafu lori hili litaliamsha hilo Fuso. Likiwaka, mtajua ni waya. Na Tatu hapo alipo asiondoke, awe shahidi."

Nikatoa kichwa cha betri, nikafungua nyaya zote mbili, nikazisugua, nikaziweka chini. Nikasema kwa sauti kila nilichofanya: mwekundu kwenye pini, mweusi kwenye pete. Nilijisikia mwenyewe nikisema. Nikakaza nati, nikatoa uzi wa katani mfukoni, nikafunga, nikarudisha bati, nikarudisha kichwa cha betri. Jua lilikuwa utosini na watu thelathini walinitazama mikono. Kisha nikachomeka plagi.

"Yusuph, funga chekundu kwenye chanya."

Yusuph alikishika kibano chekundu kwa vidole viwili, akainama juu ya betri yake. Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

"Ngoja," Tatu akasema.

Alikuja mpaka kwenye Fuso, akachukua mita mkononi mwangu bila kuniomba, akamwondoa Yusuph pale kwa bega. Akaweka mguu mwekundu wa mita kwenye kibano chekundu, mweusi kwenye cheusi, kama nilivyomfundisha jana. Akatazama. Kisha akaigeuza mita ili watu waione.

Kistari kilikuwepo.

Nilichomoa plagi, nikafungua lile bati mimi mwenyewe. Waya mwekundu ulikuwa kwenye pete. Waya mweusi ulikuwa kwenye pini. Jozi thelathini za macho zilikuwa zimeniona na masikio yao yalikuwa yamenisikia nikisema kinyume. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alianza kumwita Mungu polepole. Yusuph aliketi chini pale pale kwenye majivu, akatazama vidole vyake.

Mdoe aliichukua mita. Akapima yeye, akapima tena. Halafu akamtazama Tatu, na nadhani aliona alichokuwa karibu kukifanya, maana uso ulimbadilika.

"Shemeji," alisema. "Tusamehe."

"Kwanza nyaya zifungwe," Tatu alisema.

Tatu alizifunga mwenyewe. Mimi nilikunja mikono nyuma ya mgongo, nikaikamata isitoke, nikamwelekeza kwa mdomo tu. Mwekundu kwenye pini. Mweusi kwenye pete. Kaza. Alipima mara tatu na kistari hakikuwepo. Yusuph hakutaka kushika vibano, kwa hiyo Tatu alivishika pia, na Fuso likaunguruma kwa mguso wa kwanza. Kifeni chake kikazunguka kikipuliza mbele, na watoto wakapiga makofi. Kikao cha ukoo kiliishia pale. Hakuna aliyethubutu kutaja Mashewa.

Nilikwenda kupiga magoti mbele ya Bibi Maryamu. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha na yote yalinitoka. Nililia, mimi ambaye sijui kulia. Yeye aliichukua mikono yangu, akaigeuza, akaitazama kama anunuaye mihogo.

"Mwanangu, wewe ni shoto?" aliuliza. Sauti ilikuwa kavu kwa kutotumika.

"La, bibi. Natumia mkono wa kulia."

"Leo umefanya yote kwa kushoto. Na ule uzi umeufunga kwa kushoto. Mimi nimekutazama tangu mwanzo."

Nikamwambia tu kwamba marehemu baba yangu alikuwa shoto, na kwamba ndiye aliyenifundisha.

Bibi Maryamu akanirudishia mikono yangu mapajani, taratibu.

"Basi mwambie baba yako kwamba mwanangu Rehani ameshafika huko," alisema. "Wasemezane wao wenyewe. Wewe huku mtunze Tatu."

Nilikwenda kituoni nikaeleza yote, wakaandika, na likija la kuja nitalipokea. Fundo la katani nimeliacha. Nafunga kwa plastiki kama wengine. Tatu huja Korogwe kila Jumatatu na Alhamisi, amekwisha kuwa fundi mzuri kuliko alivyotarajia, na watoto wake wako naye. Kazi yoyote ya betri nikiimaliza, naweka mikono nyuma, na yeye anapima kabla ya mtu kugusa kitu.

Mara mbili mpaka sasa amesema ngoja.